Je, wajua? Mlango wa friza umetengenezwa uweze kutolewa

Friza jipya limelipiwa, limepakiwa kwenye Kirikuu, limefika nyumbani salama, halafu linagota kwenye mlango wa korido. Limezidi fremu kwa sentimita chache tu. Hapo purukushani huanza: mmoja anashauri lilazwe ubavu, mwingine anataka fremu ya nyumba ing'olewe, na wa tatu ameshaushika mpini wa friza anauvuta kwa nguvu zake zote. Kumbe jibu limo kwenye friza lenyewe. Mlango wa friza la kusimama umetengenezwa uweze kutolewa na kurudishwa, na kazi hiyo haitaki zaidi ya bisibisi, spana ndogo, na watu wawili wenye subira.

Wengi huogopa kuugusa kwa sababu moja: gesi. Wanadhani ukiutoa mlango, ubaridi utavuja na friza litakufa. Hofu hiyo haina msingi. Gesi huzunguka kutoka kwenye kompresa iliyo chini nyuma, ikapita kwenye mabomba ya kutolea joto, kisha ikaingia kwenye mabomba ya ubaridi ndani ya kabati. Katika mafriza mengi ya kusimama yanayoyeyushwa barafu kwa mkono, rafu zenyewe ndizo mabomba hayo, na ndiyo sababu rafu zake hazichomoki. Aina nyingi zina pia bomba la moto lililopitishwa ndani ya fremu ya mbele, pale mpira wa mlango unapogusa, ili chuma kisitoe jasho na mpira usigande. Ukiweka kiganja hapo ukakuta vuguvugu, usiite fundi. Friza liko sawa. Ila usije ukatoboa tundu jipya kwenye fremu hiyo kwa ajili ya komeo au kufuli, maana hapo gesi ipo kweli.

Mlangoni gesi hiyo haipo. Mlango wa friza la nyumbani ni bati la nje, ganda la plastiki la ndani, povu katikati, na mpira pembezoni. Baadhi ya milango ina waya mwembamba wa kioo cha kuonyesha nyuzi za ubaridi. Basi. Lakini vitu hivyo vichache vinafanya kazi kubwa, na anayetaka kuutoa mlango bila kuuharibu hana budi avifahamu.

Tuanze na povu. Kiwandani, bati na ganda la plastiki hushikwa pamoja, kisha poliyurethani ya majimaji humiminwa kati yake. Huumuka, hujaza kila kona, na hugandisha vyote viwili kuwa kipande kimoja kigumu. Povu hilo limejaa vijishimo vidogo mno vyenye gesi isiyopitisha joto kwa urahisi, siku hizi mara nyingi saiklopentani. Unene wa sentimita sita huzuia joto sawa na ukuta wa tofali wa karibu mita mbili. Chukua mlango wenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 150. Ndani kuna nyuzi −18 za Selsiasi, jikoni kuna nyuzi 30. Joto linalopenya katikati ya mlango huo ni kama wati 16 tu. Kwa hiyo friza likianza kula umeme wa LUKU kupita kawaida, povu mara chache ndilo lenye kosa. Tazama pembeni, kwenye mpira.

Mpira huo una vyumba virefu ndani yake. Kimoja kina hewa, nacho hubonyea na kurudi. Kingine kimebeba ukanda wa sumaku laini unaokunjika, uliotengenezwa kwa unga wa ferati uliochanganywa na plastiki. Sumaku za ferati zilitoka katika maabara za Philips, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na uzuri wake ulikuwa kwamba malighafi yake ni rahisi: oksidi ya chuma na chumvi za bariamu. Zikisagwa na kuchanganywa na plastiki, zinakubali kuvutwa kuwa ukanda mrefu kama tambi. Ukanda ule ukizungushwa mlango mzima, sumaku hushika kila sehemu kwa nguvu ndogo inayolingana, na mpira hulala sawasawa hata pale bati lilipopinda kidogo.

Kabla ya sumaku, mlango ulifungwa kwa komeo la chuma. Ulikuwa na mpini mkubwa uliovutwa, na ulimi ulioingia kwenye tundu kwa mlio wa "kta!" Ukiwa nje, kufungua kulikuwa rahisi. Ukiwa ndani, hapakuwa na namna yoyote ya kufungua. Majokofu yalipoenea Marekani, ya zamani yakaanza kutupwa nyuma ya nyumba, kwenye maghala na majalalani, komeo zikiwa bado nzima. Watoto waliokuwa wakicheza walijificha humo. Mlango ulijifunga, mpira ukazuia hewa, na povu au pamba ya kioo ikameza sauti. Wazazi waliwatafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Tarehe 2 Agosti 1956, Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya usalama wa majokofu. Ilidai kwamba kila jokofu la nyumbani litakalotengenezwa baada ya tarehe 30 Oktoba 1958 liweze kufunguliwa kutoka ndani. Hapo wahandisi wakakutana na swali gumu kuliko walivyotarajia: mtoto wa miaka mitatu aliyefungiwa gizani hufanya nini hasa? Anasukuma? Anatafuta kitasa? Analia?

Watafiti Katherine Bain, Marion Faegre na Robert Wyly walilitafutia swali hilo jibu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1958 katika jarida la Pediatrics. Watoto 201 wenye umri wa miaka 2 hadi 5 waliingia mmoja mmoja katika kisanduku maalumu kilichojengwa kwa jaribio hilo, na vifaa sita tofauti vya kujifungulia vilijaribiwa. Wengi walitoka au walitolewa kabla ya dakika tatu kupita. Nimeyasoma matokeo hayo zaidi ya mara moja na bado yananishtua. Karibu robo ya watoto hawakufanya jitihada yoyote ya kutoka, au walijaribu kidogo tu. Na kelele, ambayo kila mzazi anaitegemea, haikuwa ya kutegemewa: nusu ya watoto wa miaka mitano hawakupiga ukelele kabisa. Pale kusukuma kulipofaa, wengi walisukuma.

Kwa hiyo mlango wenyewe ndio uliopaswa kukubali kusukumwa. Kanuni ya Marekani iliweka kipimo: nguvu ya ratili 15, yaani uzito wa kilo 7 hivi, ikisukuma kutoka ndani mahali popote kwenye ukingo wa upande wa kufungulia, itoshe kuufungua mlango. Ukanda wa sumaku uliweza kutimiza sharti hilo bila chemchemi wala ulimi wa chuma. Hivyo mlango wa friza lililo jikoni kwako hauna komeo kwa sababu ya watoto wale. Wanaofikiri kwamba sumaku iliwekwa ili kurahisisha maisha ya mpishi wameiona nusu ya habari tu.

Sasa, kama sumaku ni dhaifu hivyo, mbona kuna wakati mlango wa friza unagoma kabisa? Umetoa samaki, umefunga, umekumbuka na limau. Unavuta, mlango hautikisiki. Unasubiri kidogo, unavuta tena, unafunguka wenyewe kwa ulaini. Hiyo si kazi ya sumaku. Ni hewa ya jikoni kwako inayosukuma kutoka nje.

Mlango ulipokuwa wazi, hewa baridi, ambayo ni nzito, ilimwagika kupitia chini, na hewa ya jikoni ikaingia kupitia juu. Friza la kusimama ndivyo lilivyo. La kulala hubakiza hewa yake kwa sababu limefunguka juu. Ulipofunga, hewa ile ya joto ikaanza kupoa ghafla. Hewa ikitoka nyuzi 27 hadi −18 ndani ya chombo kisichovuja hata kidogo, mgandamizo wake hushuka kwa asilimia 15. Friza halifikii hapo, kwa sababu si hewa yote iliyobadilishwa na mpira huruhusu kidogo kuingia. Lakini hesabu ya asilimia moja tu inatosha kushangaza. Kwenye mlango wetu wa sentimita 60 kwa 150, asilimia moja ya mgandamizo wa hewa ya kawaida ni msukumo wa kilo 90 hivi. Bawaba hubeba nusu, mkono wako unakabili nusu iliyobaki. Ni mzigo wa gunia dogo. Ukisubiri, hewa hupenya taratibu mpaka pande zote zilingane. Wakati mwingine utaisikia ikifyonzwa kwa mlio mwembamba.

Kuna mengine ya kujifunza hapo. Mpini unaovunjika, mpira unaochanika, bawaba inayopinda, mara nyingi huvunjwa na mtu asiyetaka kusubiri dakika mbili. Na atakayeingiza kisu ili kuubandua mlango anaweza kutoboa mpira, au, akikosea kidogo, bomba lililo kwenye fremu. Mlango unaogoma mara tu baada ya kufungwa ni dalili njema. Mpira wako ni mzima.

Turudi koridoni kwa wale wabebaji. Kama friza lilishatumika, chomoa plagi kwanza, toa vyakula vyote pamoja na vile vya kwenye rafu za mlangoni, na uache barafu iyeyuke. Mlango ulioganda kwenye fremu hautolewi. Kisha funga mlango na uubandike kwenye kabati kwa utepe wa gundi, juu na ubavuni. Hatua hii hurukwa na wengi, nao hujuta: bolti ya mwisho ikitoka, mlango huangukia miguu ya aliye karibu.

Juu, upande wa bawaba, kuna kifuniko cha plastiki. Kinyanyue kwa bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa. Chini yake utaona bamba la chuma lililoshikwa na bolti mbili, tatu au nne, na pini inayoingia ndani ya mlango. Kabla ya kulegeza chochote, chukua penseli uchore mzunguko wa bamba hilo kwenye kabati. Matundu ya bolti ni marefu kidogo kuliko bolti zenyewe, kwa makusudi, ili mlango uweze kusogezwa na kunyooshwa. Mchoro wa penseli utakuokoa kazi ya kukisia wakati wa kurudisha. Kama kuna waya unaopita kwenye bawaba, ufuate mpaka kwenye kiungio chake, bonyeza ulimi wa plastiki, ukitenganishe. Usivute waya. Waya wa kijani na njano ni wa ardhi. Nao una skrubu yake na lazima urudi ulipokuwa, kwa sababu ndio unaolinda mkono wa mtu umeme ukivuja kwenye bati.

Mwenzako ashike mlango kwa mikono miwili. Legeza bolti, nyanyua bamba, bandua utepe wa gundi, inamisha mlango kidogo kuelekea kwako, kisha uunyanyue wima utoke kwenye pini ya chini. Chungulia papo hapo chini ya mlango. Kuna washa moja au mbili, za plastiki au chuma, ambazo hupenda kunata kwenye mlango na kudondoka baadaye uwanjani. Zinaonekana za kutupa. Bila hizo, mlango hukaa chini kwa milimita mbili au tatu, na milimita hizo zinatosha kuukosesha mpira mahali pake. Tia vyote kwenye mfuko mmoja na uufunge ndani ya friza. Mlango ulaze juu ya blanketi, uso wa nje chini, mpira juu. Ukiulaza kwa upande wa mpira, uzito wake wote utaubonyeza, na mpira uliobonyezwa usiku kucha huamka umepinda.

Kabati lisafiri likiwa limesimama. Ndani ya kompresa kuna mafuta, na friza likilazwa mafuta hayo hutambaa kwenye mabomba. Kama hapakuwa na njia ila kulilaza, liache limesimama saa kadhaa kabla ya kuwasha.

Kuurudisha ndiko kwenye ufundi. Pini ya chini kwanza na washa zake, kisha bamba la juu ndani ya mchoro wa penseli, bolti zikiwa zimekazwa nusu. Funga mlango, tazama kama umenyooka na kabati, sogeza, ndipo ukaze kabisa. Mafriza mengi huruhusu pia bawaba zihamishiwe upande wa pili, na matundu yake yapo tayari yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki. Kwa jiko dogo la nyumba ya kupanga, mlango unaofungukia ukutani ni kero ya kila siku, na tiba yake ni nusu saa ya kazi. Miguu ya mbele izungushwe mpaka friza liegemee nyuma kidogo tu, ili mlango uwe na mwelekeo wa kujifunga.

Kisha upime mpira. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na fremu, funga, kivute. Kikishikwa, songa mbele sentimita kumi na ujaribu tena, mpaka umalize pande zote nne. Pale kinapochomoka bila upinzani pana pengo. Mpira uliokunjamana hulainika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto au kikaushio cha nywele, ukaunyoosha kwa vidole na kufunga mlango ukiwa bado na joto. Usiusafishe kwa petroli wala tina. Sabuni ya maji inatosha.

Anayesema pengo dogo halina neno aangalie barafu. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hubeba gramu 23 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kwenye nyuzi −18 hewa haiwezi kubeba hata gramu mbili. Iliyobaki huganda. Friza la lita 250 likibadilisha hewa yake yote mara moja, linaokota kama gramu tano za maji, ujazo wa kijiko kimoja cha chai. Pengo kwenye mpira hufanya kazi hiyo mchana na usiku, bila mtu kufungua mlango. Barafu ile hufunika mabomba, huzuia ubaridi, na kompresa hukimbia bila kupumzika. Mama anayeuza barafu na lambalamba nyumbani, ambaye mlango wake unafunguliwa kila mtoto anapobisha hodi, anastahili kuupima mpira wake mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Friza likifa kabisa, mlango hutolewa tena, na safari hii haurudi. Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji vimerudia maonyo mawili kwa miaka mingi: toa milango, na acha rafu mahali pake ili mtoto asipate nafasi ya kuingia. California imeliweka jambo hili katika sheria ya jinai. Anayeacha jokofu au friza lisilotumika tena, lenye ujazo wa takriban lita 42 au zaidi mahali watoto wanapoweza kulifikia, bila kuondoa mlango au bawaba na komeo zake, ametenda kosa. Kwetu friza bovu hukaa nyuma ya nyumba miezi kadhaa likisubiri fundi atakayelifufua au mnunuzi wa chuma chakavu, na nyuma ya nyumba ndiko watoto wanakochezea kombolela. Sumaku hupunguza hatari, haiiondoi. Mpira mzima bado huzuia hewa, na jaribio lile lililochapishwa mwaka 1958 limeonyesha kwamba mtoto anaweza asisukume na asilie. Friza la kulala ni baya zaidi, kwani kifuniko chake hushuka kwa uzito wake na mengi yana kufuli. Mlango utolewe siku hiyo hiyo friza linapotolewa jikoni.

Mara nyingi bolti za friza la zamani zimeshika kutu. Zipake mafuta ya kulainisha, uziache zinywe usiku mmoja, kisha ujaribu spana. Zikikataa, kata bawaba kwa msumeno wa chuma wa mkono. Soma kwanza lebo iliyo nyuma au kwenye kompresa: ikiandikwa R600a, gesi iliyomo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, nayo huwaka ikifikia asilimia 1.8 tu ya hewa iliyopo. Cheche za grainda hazitakiwi hapo. Na mlango uliotolewa usichomwe moto ili kupata bati lake. Moshi wa poliyurethani una monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni. Bati libanduliwe kwa patasi, povu libaki kwenye mfuko wa taka.